Wiki chache upande wa kichwa: Kinachowafanya wanafunzi wa udaktari Eldoret kupenda nusukaputi, au kuikimbia

Umewahi kufanyiwa upasuaji? Basi nijibu swali moja dogo. Daktari aliyekupasua unamjua kwa jina, pengine hata namba yake ya simu unayo. Je, yule aliyekulaza usingizi, akakaa karibu na kichwa chako muda wote huo, kisha akakurudisha, anaitwa nani?

Hujui, sivyo? Usijali, karibu kila mtu hajui. Unaingizwa ukiwa na wasiwasi, mtu aliyefunika uso anakuambia uvute pumzi, halafu unazinduka mdomo umekauka na ndugu yako anakuuliza kama unasikia kiu. Katikati hapo pamefutika, na aliyekuwa kazini katikati hapo amefutika pamoja napo.

Sasa fikiria hivi. Kama wewe mgonjwa humwoni mtu huyu, mwanafunzi wa udaktari naye humwona lini? Humwona kwa wiki chache tu, anapopitishwa idara moja baada ya nyingine katika ile mizunguko ya hospitalini ambayo wenyewe huiita roteshoni. Yanayotokea ndani ya wiki hizo chache yana uzito kuliko unavyodhani. Yanachangia kuamua kama miaka kumi ijayo mama aliyekwama kujifungua Kapenguria atafanyiwa upasuaji usiku huo huo, au atapakiwa kwenye ambulensi kuletwa huku kwetu akiomba Mungu.

Kwanza niseme wazi: mimi si daktari. Nilikaa chuo miaka miwili, karo ikagoma, nikatoka kutafuta riziki kwa kuandika. Jambo moja ninalolikumbuka kuhusu miaka hiyo miwili ni kwamba sikuwahi kumwona hata mtu mmoja akiifanya kazi niliyokuwa nasomea. Tulikuwa tunameza karatasi tu. Ndiyo maana huwa nawaonea gere wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi. Ukipita Nandi Road asubuhi, baridi ya 64 ikiwa bado inauma masikio, utawaona na makoti yao meupe wakikimbilia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH. Wao huonyeshwa kazi. Lakini nimeishi nao ploti moja vya kutosha kujua kwamba kuonyeshwa kazi nako kuna namna mbili.

Huyu mtu hufanya nini hasa?

Mtaani ukisema "daktari wa usingizi", watu hudhani ni mtu wa kudunga sindano moja kisha aende zake kunywa chai. Ni sawa na kusema kazi ya dereva ni kuwasha gari.

Unaijua ile barabara ya kutoka Iten kushuka Tambach? Kushuka si kazi, mteremko utakuvuta wenyewe. Kazi ni kushuka kwa mwendo unaoutaka wewe, kushika breki kila kona, halafu kupanda tena juu abiria wote wakiwa salama. Nusukaputi ni hivyo. Kumlaza mtu kwa dawa huchukua chini ya dakika moja. Shughuli huanzia hapo.

Usingizi huu haufanani na wa kwako wa nyumbani. Ukilala kitandani kwako, mtu akikufinya utaamka, na mate yakikupalia utakohoa. Chini ya dawa hizi huwezi kufanya lolote kati ya hayo. Mara nyingi hata misuli ya kupumua huwa imelegezwa kabisa. Kwa hivyo kuna mtu anayekupumulia. Anaingiza mrija kwenye koo hadi ndani ya njia ya hewa, anaangalia presha, anasoma oksijeni kupitia kale kadude kanakobanwa kidoleni, anahesabu damu iliyomwagika, anaongeza dawa hapa na kupunguza pale. Hewa ikikatika, ubongo una dakika chache tu. Hakuna muda wa kufungua kitabu wala kumpigia mtu simu.

Halafu kuna ganzi ya mgongo. Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi huwa macho, anazungumza, ila kuanzia kifuani kushuka hasikii maumivu. Aliyepata nafasi ile ndogo katikati ya mifupa ya mgongo na kuweka dawa pale ni mtu huyo huyo. Ukienda chumba cha wagonjwa mahututi, utamkuta. Ajali ya bodaboda ikiletwa saa nane usiku, mgonjwa anakoroma damu na hawezi kupumua, ni yeye anayeitwa.

Na kwa kuwa tumefika hapa, chukua hii bure: siku ukipangiwa upasuaji, mtu huyu atakuja kukuona kabla na kukuuliza maswali. Usimdanganye. Akiuliza umekula saa ngapi, sema ukweli, hata kama ni nusu chapati. Kwa kawaida chakula hukatazwa angalau saa 6 kabla, kwa sababu tumbo lililojaa linaweza kurudisha chakula hadi mapafuni ukiwa umezima. Akiuliza kuhusu pombe, bangi, dawa za presha au meno ya bandia, mwambie. Hakuulizi ili akupeleke kwa polisi wala kwa mchungaji.

Hesabu inayouma

Mwaka wa 2015, tume ya wataalamu iliyoandaliwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti iliyosema watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji na nusukaputi salama kwa bei wanayoimudu. Bilioni tano! Hiyo ni zaidi ya nusu ya dunia. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa nusukaputi, WFSA, nalo lilipendekeza nchi ziwe na angalau madaktari 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000.

Sisi Kenya, ukihesabu madaktari peke yao, hatujafika hata mmoja kwa kila watu 100,000. Na hao wachache, wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Kazi kubwa mashinani hubebwa na matabibu waliosomea nusukaputi KMTC, na wauguzi waliofunzwa kwenye vituo kama Hospitali ya AIC Kijabe. Watu hawa wameokoa maisha mengi mno, na mtu yeyote anayewadharau hajawahi kufika hospitali ya kaunti usiku. Lakini hata ukiwajumlisha, bado hawatoshi.

Unakumbuka ule mpango wa 2015 wa serikali ya kitaifa wa kukodishia kaunti vifaa vya matibabu? Hospitali mbili kila kaunti, vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya figo, vya wagonjwa mahututi. Baadaye Seneti iliunda kamati kuuchunguza, na miongoni mwa malalamiko makubwa ni kwamba mashine nyingine zilikaa bila kutumika, sehemu nyingine kwa kukosa watu wa kuzitumia. Kisha ikaja Machi 2020, kisa cha kwanza cha Korona kikatangazwa, na nchi nzima ikaanza kuhesabu mashine za kupumulia. Tukagundua sote kwa mpigo kwamba mashine haijiendeshi. Anayejua kuiweka sawa kwa mapafu ya mtu huyu na si ya yule, mara nyingi ni daktari wa nusukaputi.

MTRH ni hospitali ya pili kwa ukubwa kati ya zile za rufaa za kitaifa, baada ya Kenyatta. Huletewa wagonjwa kutoka Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na karibu eneo lote la magharibi. Kutoka Lodwar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 300. Kwa mama anayevuja damu, kila kilomita ni mkopo ambao huenda asiweze kulipa. Ndiyo maana swali la nani anachagua fani gani pale Nandi Road si la wanafunzi peke yao.

Ukutani au upande wa kichwa

Basi tuingie ndani. Jifanye wewe ni mwanafunzi wa udaktari. Masomo ni miaka sita. Mwanzoni uko na vitabu, miili ya kujifunzia na vikundi vya kujadili visa, na chuo hiki kinajulikana pia kwa kuwapeleka wanafunzi vijijini kujifunza afya ya jamii. Kisha inakuja miaka ya wodini. Unakaa muda mrefu kwenye upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto na uzazi. Nusukaputi inapata kipande tu, kwa kawaida kikiwa kimebanwa pembeni ya upasuaji.

Siku ya kwanza unaingia chumba cha upasuaji. Umevaa nguo za kijani zinazokupwaya, kofia inakushuka machoni. Kuanzia hapa kuna stori mbili.

Stori ya kwanza: unaambiwa usimame ukutani na usiguse chochote kilichofunikwa. Mgonjwa anaingizwa, watu wanamzunguka, unaona migongo tu. Pazia linawekwa kati ya tumbo na kichwa. Upande wa tumbo kuna taa, kuna damu, kuna mkubwa anayeuliza maswali. Upande wa kichwa kuna mtu mmoja ameketi kwenye kistuli akiandika kwenye fomu kila baada ya dakika tano. Hakuna anayekuita. Saa tatu zinapita, miguu inawaka moto. Jioni unarudi ploti ukiwa na jibu tayari: nusukaputi ni kazi ya kukaa na kuandika. Wiki zikiisha umesaini karatasi yako ya mahudhurio, umesonga. Hutarudi huko tena maishani.

Stori ya pili: yule mtu wa kistuli anageuka na kusema, kuja hapa. Anakuonyesha jana yake, kwamba alimtembelea mgonjwa huyu wodini, akamfungulisha mdomo kuona kama mrija utapita kwa urahisi au utasumbua. Anakueleza mpango wa kwanza, na wa pili kama wa kwanza ukikataa, na wa tatu. Dawa inaingia, mgonjwa anazima. Anakupa barakoa na mfuko wa hewa. "Shika taya hivi, inua, sasa kamua." Unakamua. Hakuna kinachoingia. Jasho linakutoka. Anasogeza vidole vyako sentimita moja tu, unakamua tena, na kifua kinainuka.

Kifua cha mtu kimeinuka kwa sababu ya mkono wako. Hapo unaelewa kile ambacho kitabu kilikuwa kinakupigia kelele miaka mitatu. Ile fiziolojia uliyoikariri ukilia sasa iko kwenye skrini, inabadilika ukiitazama. Unaongeza oksijeni, namba inapanda. Dawa inaingia, presha inashuka. Wodini ungesubiri siku tatu kujua kama tiba imefanya kazi. Hapa unajua kabla hujameza mate.

Ni chumba kile kile, wiki zile zile, mtaala ule ule. Mmoja ametoka na nafasi ya kuwa daktari wa nusukaputi moyoni mwake, mwenzake ametoka na maumivu ya miguu. Hicho ndicho kitu ninachotaka ukibebe kutoka kwa makala haya: urefu wa mzunguko una maana, lakini kilicho na maana zaidi ni mahali unaposimamishwa na kile mikono yako inachopewa kufanya.

Na kabla hujauliza: hapana, mwanafunzi haachiwi mgonjwa ajifunzie kama bodaboda mpya. Huanza na sanamu za mazoezi pale zilipo, hufanya chini ya macho ya mkubwa wake, na mkubwa huyo huchukua usukani mara moja mambo yakianza kwenda kombo. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Ili mtu akufundishe kwa utulivu, lazima awe na nafasi ya kupumua. Daktari mmoja akiwa anaangalia vyumba viwili, na dharura inasubiri mlangoni, atakufundisha saa ngapi? Uhaba wa walimu unazaa uhaba wa wanafunzi, na uhaba wa wanafunzi unazaa uhaba wa walimu. Mduara unajizungusha wenyewe.

Historia ina ushahidi wa ajabu kuhusu mikono ya wanafunzi. Mwaka wa 1952, ugonjwa wa polio ulivamia jiji la Copenhagen, Denmark. Wagonjwa walikuwa wanapooza misuli ya kupumua. Katika wiki chache za mwanzo, 27 kati ya 31 wa kundi hilo walifariki. Daktari wa nusukaputi aitwaye Bjørn Ibsen akasema: tunachofanya kila siku chumba cha upasuaji tukifanye wodini. Toboa koo, weka mrija, kamua hewa kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwepo. Waliokamua ni wanafunzi wa chuo, kama 1,500, kwa zamu, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Vifo vikashuka sana. Chumba cha wagonjwa mahututi unachokijua leo kina mizizi yake pale, kwenye viganja vya wanafunzi.

Kwa nini wengine huondoka mbio

Tusidanganyane, si kila anayeikataa fani hii ameikosa kwa bahati mbaya. Wengine wameiona vizuri na wakasema hapana, na wana sababu.

Ya kwanza ni woga, na ni woga wa haki. Makosa ya hapa hayachukui wiki kujitokeza, huchukua dakika. Mwanafunzi akishuhudia mgonjwa akizimika mezani, na baadaye hakuna mtu aliyemkalisha chini kumweleza kilichotokea, ile picha ndiyo atakayoishi nayo. Mzunguko wake wote utakuwa ni siku hiyo moja.

Ya pili ni heshima. Ukisimama upande wa kichwa unasikia jinsi watu wanavyosemezana juu ya pazia. Kuna chumba ambacho daktari wa upasuaji anamuuliza mwenzake, "Tuko sawa?" na kusubiri jibu kabla ya kukata. Kuna kingine ambacho yule wa kichwani anaitwa kama makanga: "Wewe, bado hujamaliza?" Mwanafunzi hasemi kitu, lakini anajifunza. Hakuna somo la darasani litakaloweza kufuta alichokisikia mle.

Ya tatu ni ile ya nyumbani. Mzazi ameuza ng'ombe huko Moiben, kijiji kizima kilifanya harambee, halafu unarudi kumwambia unataka kuwa daktari wa kulaza watu. "Kwani hao si hulala wenyewe?" Daktari wa watoto anaeleweka. Wa moyo anaeleweka. Huyu lazima ajieleze kila mazishi na kila harusi. Tena hana kliniki yake pale Uganda Road yenye jina lake kwa herufi kubwa. Kazi yake inategemea kuwa na chumba cha upasuaji cha mtu mwingine.

Ya nne ni vifaa. Mwanafunzi anaona kipimo kimoja kikihamishwa kutoka chumba hiki hadi kile, dawa fulani imeisha, ya pili yake inatumika. Wapo wanaovutiwa na kupambana namna hiyo. Wapo wanaosema, maisha ni mafupi.

Mimi naona hata hapo mzunguko umefanya kazi yake. Heri mtu ajue sasa kwamba moyo wake haukubali kazi hii kuliko ajue akiwa peke yake Lokichar saa tisa usiku. Wa kuhuzunisha ni yule aliyesimama ukutani, akaondoka akidhani ameiona.

Swali la mezani wakati wa kifungua kinywa

Kuna mwanamke mmoja ambaye kila mama aliyejifungulia hospitalini amekutana na jina lake bila kujua. Virginia Apgar, Mmarekani. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, na alikuwa moto kweli kweli. Mkubwa wake akamshauri ahamie nusukaputi, kwa sababu wanawake waliomtangulia kwenye upasuaji walihangaika kupata riziki, na kwa sababu aliona fani hiyo inahitaji vichwa kama chake. Akahama. Mwaka wa 1949 akawa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika chuo cha udaktari cha Columbia, New York.

Inasimuliwa kwamba siku moja wakati wa kifungua kinywa, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa kwenye mzunguko wa nusukaputi alimuuliza: mtoto akizaliwa tu, utajuaje kama yuko salama? Apgar akachukua karatasi iliyokuwa karibu na kuandika mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, uthabiti wa misuli, jinsi anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila moja alama 0 hadi 2. Alichapisha kipimo hicho mwaka wa 1953. Leo hii mtoto akizaliwa pale Riley, hospitali ya akina mama na watoto ndani ya MTRH, ataangaliwa mambo hayo hayo matano akiwa na dakika moja duniani, na tena akifika tano.

Ona kilichohitajika hapo: mwanafunzi aliyekaa meza moja na mwalimu, na mwalimu aliyeona swali lile linastahili jibu. Hakuna bajeti iliyopitishwa.

Mbegu hukaukia wapi

Tuseme umekuwa na bahati. Uliitwa upande wa kichwa, ukapenda. Unamaliza mwaka wa sita ukiwa na uhakika. Nini kinafuata?

Kinafuata mwaka wa uanagenzi, na idara kuu ni zile zile nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Nusukaputi haina kiti chake kati ya hizo. Utaiona ukipita, ukiwa umeshika kitu kingine mkononi. Na hata kuupata mwaka wenyewe imekuwa vita. Mnakumbuka mgomo wa madaktari wa 2024 uliochukua karibu miezi miwili, na moja ya hoja kubwa ilikuwa kupelekwa kwa wanagenzi vituoni na malipo yao? Makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Watu walikaa nyumbani na digrii zao miezi na miezi, wakiuza mitumba na kufundisha tuisheni.

Kisha kuna kutafuta ajira kwenye kaunti. Kisha kuna ruhusa ya masomo, ambayo kaunti ikiwa na madaktari wachache haina haraka ya kuitoa. Kisha shahada ya uzamili, miaka mingine kadhaa, kwenye vyuo vichache kama Nairobi na Aga Khan, na karo ambayo mimi nikiisikia nakaa chini. Kila hatua ina mlango wa kutokea. Mtu aliyependa kazi kwa wiki tatu miaka mitano iliyopita atahitaji sababu nzuri sana kukumbuka kwa nini aliipenda.

Ndiyo maana ule mguso wa kwanza lazima uwe wa nguvu, na ndiyo maana hautoshi ukiwa peke yake. Kama ningepewa dakika mbili na wanaopanga mitaala, singeomba majengo. Ningeomba mambo manne. Kila mwanafunzi apewe mwalimu mmoja wa nusukaputi anayemjua kwa jina. Amfuate mgonjwa mmoja kuanzia wodini kabla ya upasuaji hadi anapozinduka na kusema jambo lake la kwanza. Apelekwe pia chumba cha mahututi na cha kujifungulia, aone kwamba fani hii haiishii mezani. Na mwanagenzi anayetaka apewe hata mwezi mmoja upande wa kichwa kabla mbegu haijakauka. Matabibu na wauguzi waliofunzwa kazi hii nao wahesabiwe kama walimu, kwa maana huko mashinani ndio watakaokupokea.

Kama zamu yako ni Jumatatu

Sasa nakugeukia wewe unayesoma haya usiku, koti limeanikwa kwenye kamba na Jumatatu unaingia chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza.

Fika kabla ya mgonjwa wa kwanza. Dakika kumi wakati mashine zinakaguliwa zina thamani kuliko saa tatu za kusimama, kwa sababu ndipo daktari wa nusukaputi ana mikono mitupu na anaweza kuongea. Mwambie jina lako na umwombe kazi moja ndogo. Usiseme "naomba kujifunza", hilo ni kubwa mno kwa mtu mwenye haraka. Sema "naomba nishike barakoa kwa mgonjwa wa pili ukiona inafaa." Akikataa, omba kujaza ile fomu ya kila dakika tano, baada ya saa moja utaanza kuona presha inaelekea wapi kabla haijafika. Jioni rudi wodini umwone mgonjwa, umuulize usingizi ulikuwaje.

Jambo likiharibika, usiondoke nalo kimya hadi ploti. Mtafute mtu akueleze. Na wiki zikiisha ukagundua si kazi yako, enda kwa amani, utakuwa daktari wa watoto anayejua kinachoendelea nyuma ya pazia, na hilo nalo litaokoa mtu.

Ila usikubali kumaliza wiki hizo mgongo wako ukiwa umeegemea ukuta. Mji huu umepewa hadhi ya jiji tangu Agosti 2024, tumepigiwa makofi, barabara zimepakwa rangi. Lakini huko Lodwar, Kapenguria na Kabarnet bado kuna vyumba vya upasuaji vyenye taa, kitanda na kisu, vikisubiri mtu mmoja wa kuketi kwenye kile kistuli. Nenda kakione kwa karibu kabla hujasema si chako.